Maswali ya Wasomaji: Keki Inayobonyea, Filamu Laini Mno na Hesabu za Kura Zisizolingana

Dada yangu Mombasa anafaulu, mimi nashindwa

SWALI: Hamjambo wahariri. Dada yangu aliye Mombasa alinipa vipimo vyake vya keki: unga gramu 250, sukari 225, siagi 225, mayai 4, bekingi pauda vijiko vya chai viwili na nusu, maziwa vijiko viwili vya mezani. Huoka kwa nyuzi 180 kwa dakika 25, katika vyombo viwili vya sentimita 20, na keki yake hutoka imejaa. Nikifuata vivyo hivyo, yangu hupanda mbio, kisha hubonyea katikati kabla haijaiva. Je, ni oveni? — Msomaji, Lang'ata

JIBU: Usiilaumu oveni kwanza. Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na kani ya hewa hapa ni kama asilimia 82 tu ya ile ya Mombasa. Gesi ya bekingi pauda ikikosa wa kuibana hutanuka zaidi, kama sehemu moja kwa tano kupita inavyotanuka pwani. Viputo hukua haraka, hupasuka na kuungana kabla unga na mayai hayajashika kiasi cha kuvibeba.

Halafu maji huchemka hapa kwa nyuzi 94 hivi, si 100. Unyevu hutoka mapema, sukari inabaki nzito ndani ya mchanganyiko, na sukari ikizidi huchelewesha keki kukaza. Kupanda kumewahi, kukaza kumechelewa. Hapo ndipo shimo la katikati linapozaliwa.

Anza na bekingi pauda peke yake: toa vijiko viwili na nusu, weka kimoja na robo tatu. Mara nyingi hilo pekee linatosha. Keki ikibonyea bado, punguza sukari hadi gramu 205, ongeza unga hadi 265, na maziwa yawe vijiko vinne vya mezani. Siagi iache ilivyo, mayai chagua makubwa. Pandisha moto hadi nyuzi 190 ili keki ikaze mapema, na uanze kuitazama dakika ya 20. Ukibadilisha yote siku moja, hutajua ni lipi lililokusaidia.

Ukipiga siagi na sukari kwa mashine, dakika tatu zinatosha. Vitabu vingi vinasema upige mpaka iwe nyeupe na nyepesi kabisa, lakini hewa unayoiingiza pale nayo itatanuka kuliko mwandishi alivyotarajia. Ute wa mayai vivyo hivyo: ukiinua kipigio cha mayai, ncha ya povu ijikunje. Ikisimama wima umepitiliza.

Tazama pia pakiti ya unga. Kama ni ule uliokwisha kutiwa bekingi pauda kiwandani, usiongeze hata kijiko. Watu wengi jijini huchukua pakiti hiyo dukani bila kusoma, wanaongeza pauda yao, kisha wanadhani mayai yalikuwa mabaya.

Keki iliyoharibika isitupwe kabla ya kukatwa, kwa sababu kipande kinasema. Ukiona matundu makubwa na keki inavunjikavunjika, pauda ilizidi. Ukiona mstari wa rangi iliyokolea, mzito na wenye kunata, chini karibu na kitako, basi maji yalizidi au uliitoa kabla ya wakati. Ikiwa imepasuka juu kama mlima huku ndani ni mbichi, moto ulikuwa mkali mno, na hapo ndipo oveni inaposhukiwa. Nunua kipimajoto kidogo cha kuning'iniza ndani, maana namba za kwenye kitufe cha oveni nyingi za nyumbani ni makadirio.

Kuoka kwa jiko la makaa

SWALI: Sina oveni. Naoka kwa sufuria juu ya jiko la makaa. Chini huungua, juu hubaki nyeupe. Nifanyeje? — Mama wa Kayole

JIBU: Mama, makaa yako yako upande usiofaa. Kwa keki, moto wa juu uwe karibu mara mbili ya moto wa chini. Ukiwa na vipande kumi na vitano vya makaa yaliyoshika vizuri, acha vitano jikoni na upange kumi juu ya mfuniko, pembezoni zaidi kuliko katikati.

Tumia sufuria nzito yenye mfuniko bapa wa chuma, usio na kishikio cha plastiki. Ndani tandaza mchanga mkavu uliochekechwa, unene wa sentimita mbili, kisha weka kigoda cha waya au vijiwe vitatu, na chombo cha keki juu yake. Chombo kisiguse ukuta wa sufuria. Acha nafasi ya vidole viwili kila upande ili hewa ya moto izunguke. Funika na upashe moto sufuria tupu dakika 15 kabla ya kuingiza keki.

Kama huna kipimajoto, nyunyiza kijiko cha unga kwenye kifuniko cha kopo, kiweke ndani, funika, hesabu dakika tano. Unga ukiwa rangi ya dhahabu, moto ni wa kuokea keki. Ukiwa kahawia iliyokolea, ondoa makaa mawili matatu chini. Ukibaki mweupe, ongeza juu, si chini.

Unapofunua, inua mfuniko wima bila kuuinamisha, la sivyo majivu yataingia kwenye keki. Na tafadhali, usiokee kwenye chumba kilichofungwa, hata usiku wa Julai wenye baridi kali. Makaa yanayong'aa bila moshi bado hutoa gesi ya kaboni monoksaidi, isiyo na harufu, nayo imewaua watu wakiwa usingizini. Weka jiko mlangoni au barazani.

Stima ikipotea keki ikiwa ndani

SWALI: Stima hupotea kwetu bila taarifa. Keki ikiwa oveni nifanye nini? — Msomaji, Githurai

JIBU: Usifungue mlango. Ikiwa theluthi mbili za muda zimepita, keki itamalizikia kwenye joto lililobaki. Iache dakika 15, kisha choma kijiti. Kama stima imekatika ndani ya dakika kumi za mwanzo, ihamishie kwenye sufuria yenye mchanga juu ya gesi, moto mdogo, umefunika. Mchanganyiko wenye bekingi pauda hausubiri: sehemu ya gesi hutoka mara pauda inapolowa, kwa hiyo kuuweka kando hadi stima irudi ni kupoteza unga.

Kipimajoto kimegoma kwenye 94

SWALI: Kitabu changu cha mikate kinasema mkate umeiva ukifika nyuzi 97 ndani. Wangu hufika 94 na kukwama hapo, hata nikiongeza nusu saa. Ganda linakuwa gumu kama ubao. — Msomaji, South B

JIBU: Kipimajoto chako ni kizima, na mkate uliiva zamani. Ndani ya mkate kuna maji, na maji hayapandi juu ya nyuzi yanapochemkia, ambazo hapa Nairobi ni 94 hivi. Aliyeandika kitabu yuko karibu na bahari. Wewe hapa ukiingoja 97 unaukausha tu. Mkate wa kawaida utoe ukifika 91 au 92. Mkate wenye siagi, maziwa na mayai unaweza kutoka ukiwa 88.

Kwa gramu 500 za unga tumia gramu 5 za hamira ya papo hapo badala ya pakiti nzima ya gramu 7, maana kinyunya huumuka upesi kwenye mwinuko. Kikishaumuka mara mbili ya ukubwa, kibonyeze, kiache kiumuke tena, ndipo ukiumbe. Mkate unaoumuka haraka mno hukosa ladha. Juni na Julai baridi itakupunguzia kasi yenyewe, hivyo angalia ukubwa wa kinyunya, si saa ya ukutani.

Filamu inaonekana kama tamthilia ya mchana

SWALI: Nimenunua televisheni mpya, kubwa, lakini filamu zinaonekana za bei rahisi, kana kwamba zimepigwa kwa kamera ya harusi. Ile ya zamani haikuwa hivyo. Nimeuziwa feki? — Msomaji, Donholm

JIBU: La, televisheni yako inajitia kimbelembele. Filamu za sinema hupigwa picha 24 kwa kila sekunde, na jicho limezoea ule mkokoto mdogo wa mwendo. Kioo chako huonyesha picha 50 au 60 kwa sekunde, pengine zaidi, na kiwandani kimewekewa programu inayobuni picha za katikati ili kujaza pengo. Matokeo yake ni mwendo laini mno, sawa na wa tamthilia na taarifa ya habari, ambazo hupigwa kwa kasi hiyo tangu mwanzo. Ushahidi utauona mtu anapopunga mkono upesi: ukingo wa vidole hupaka ukungu au hukatika, kwa sababu picha ile haikupigwa na kamera yoyote.

Chukua rimoti, ingia kwenye mipangilio ya picha, kisha sehemu ya juu zaidi au ya kitaalamu. Kwa Samsung tafuta Auto Motion Plus, ambayo kwenye matoleo mapya huitwa Picture Clarity. Kwa LG ni TruMotion, kwa Sony ni Motionflow. Kwa nyinginezo tafuta neno lolote lenye Motion au Smooth, ulizime. Seti nyingi za tangu 2020 zina pia Filmmaker Mode, ambayo huzima hayo yote kwa mkupuo na kurudisha rangi kwenye kipimo cha mtengenezaji wa filamu. Picha itaonekana hafifu na ya manjano kidogo siku mbili za kwanza. Vumilia, macho yatazoea.

Ukitazama mpira, unaweza kuiwasha tena. Fahamu pia kwamba mipangilio hii huhifadhiwa kwa kila chanzo peke yake. Uliyozima kwenye kisanduku cha ving'amuzi bado imewashwa kwenye flashi na kwenye intaneti, kwa hiyo pitia kote.

Manukuu yanaachana na midomo

SWALI: Yale maandishi ya chini huanza sawa, lakini filamu ikifika katikati yamechelewa mpaka mtu anacheka kabla sijasoma mzaha. — Msomaji, Ruaka

JIBU: Tofautisha magonjwa mawili. Kama manukuu yamechelewa kwa kiasi kilekile mwanzo hadi mwisho, hilo ni jepesi. Kwenye VLC, programu ya kuchezea filamu kwenye kompyuta, bonyeza G kuyawahisha na H kuyachelewesha. Kila bonyezo ni sehemu moja ya ishirini ya sekunde.

Lako ni lile la pili, la kuachana kidogo kidogo. Faili ya manukuu ilitengenezwa kwa nakala ya kasi nyingine. Nchi zilizotumia mfumo wa televisheni wa picha 25 kwa sekunde, Kenya ikiwemo, zilizoea kuharakisha filamu ya picha 24 ili ilingane, hivyo filamu ya dakika 100 ikawa ya dakika 96. Manukuu ya nakala moja yakiwekwa kwenye nyingine, baada ya saa moja yameachana kwa zaidi ya dakika mbili. G na H hazitakufaa. Utakuwa unabonyeza hadi mwisho wa filamu. Fungua faili hiyo kwa programu ya bure iitwayo Subtitle Edit, nenda sehemu ya kubadilisha kasi ya fremu, na kwa kuwa yako yanachelewa, geuza kutoka 23.976 kwenda 25. Yangekuwa yanawahi, ungegeuza kinyume. Hifadhi kwa UTF-8, yaani mfumo wa kuandika herufi, ili herufi zisigeuke alama za ajabu.

Kwenye televisheni, faili ya manukuu lazima iwe na jina lilelile la filamu, herufi kwa herufi, zote ndani ya folda moja. Na kama flashi inakataa kupokea filamu ya zaidi ya GB 4 ilhali nafasi ipo, imeumbizwa kwa FAT32, mfumo wa zamani wa kuhifadhi faili usiopokea faili kubwa kuliko hiyo. Iumbize upya kwa exFAT, baada ya kutoa vilivyomo, maana vitafutika.

Kila kituo na hesabu yake

SWALI: Uchaguzi wa 2022 nilibadilisha stesheni tatu ndani ya dakika tano, na kila moja ilikuwa na anayeongoza wake. Nani alikuwa anadanganya? Naogopa 2027 itakuwa vilevile. — Mzee wa Eastleigh

JIBU: Mzee wetu, inawezekana kabisa kwamba hakuna aliyedanganya. Mwaka ule kulikuwa na vituo 46,229 vya kupigia kura, na kila kimoja kilijaza fomu ya urais iitwayo 34A. Tume ya uchaguzi, IEBC, iliweka picha za fomu hizo kwenye tovuti yake. Zilikuwa picha, si jedwali. Hivyo kila chombo cha habari kikakaa kuzifungua moja moja na kunakili namba kwa mkono. Aliyeanza na fomu za eneo fulani alimwona mgombea wa eneo hilo juu. Aliyeanza kwingine akaona kinyume. Kote walikuwa wakisoma fomu halali, kwa mpangilio tofauti.

Kosa la vyombo, kwa maoni yetu, lilikuwa kwenye kioo chenyewe. Namba ya anayeongoza iliandikwa kubwa, lakini idadi ya fomu zilizohesabiwa iliandikwa ndogo pembeni, na fomu hizo zimetoka wapi mara nyingi haikusemwa. Bila hilo la mwisho, asilimia 53 kwa 46 haina maana yoyote. Kwa hiyo 2027, kabla ya kusoma majina, uliza: vituo vingapi kati ya vyote, na vya kaunti zipi? Ikiwa fomu za ngome moja zimekwisha na za nyingine ndiyo kwanza zinaanza, usishangilie wala usilie.

Unaweza kukagua mwenyewe. Kituo kimoja cha kupigia kura hakiruhusiwi kuwa na wapiga kura zaidi ya 700. Ukioneshwa kituo kimoja chenye kura 1,200, ama ni namba iliyonakiliwa vibaya, ama wamejumlisha vyumba kadhaa vya shule moja, kwani shule moja inaweza kuwa na vituo vitano. Kwenye fomu yenyewe, jumlisha kura za wagombea wote. Lazima zilingane na kura halali zilizoandikwa chini, na zisizidi walioandikishwa. Fomu 34B hujumlisha 34A za eneo bunge, na 34C ni ya kitaifa. Na hata mtu akiongoza kwenye vioo vyote, ushindi wa duru ya kwanza unadai zaidi ya nusu ya kura zilizopigwa, pamoja na angalau asilimia 25 katika kaunti 24 kati ya 47. Hilo la kaunti huwa halionyeshwi kwenye kioo.

Anaongoza kwa asilimia tatu

SWALI: Gazeti limesema mgombea mmoja anaongoza kura ya maoni, 47 kwa 44. Waliohojiwa ni 1,500. Ni kweli anaongoza? — Msomaji, Ngara

JIBU: Kura hiyo haijathibitisha. Kwa watu 1,500 waliochaguliwa kwa bahati nasibu, kiwango cha makosa ni kama asilimia 2.5 juu au chini kwa kila mgombea, na kwa tofauti kati ya wawili ni karibu mara mbili yake. Pengo la tatu linamezwa humo. Habari ya haki ingesema wanakaribiana. Ukiona gazeti limegawa waliohojiwa kwa maeneo na kutangaza nani anaongoza eneo lenye watu 90, hapo makosa yanafika asilimia 10, na jedwali hilo ni la kupitwa. Hesabu ya haraka ya kichwani: gawanya 100 kwa kipeuo cha pili cha idadi ya waliohojiwa.

Picha ya mafuriko

SWALI: Kila mvua ya masika narushiwa picha ileile ya matatu imezama. Nitajuaje ni ya lini? — Msomaji, Mathare

JIBU: Ipakie kwenye Google Lens, huduma ya kutafuta kwa picha, na upekue matokeo hadi ukurasa wa zamani kabisa. Ikiwa ilionekana 2018, si ya wiki hii. Kama ni video, simamisha sehemu yenye jengo au bango, piga picha ya kioo, tafuta kwa hiyo. Pekua pia kwa kuikata: mara nyingi picha huwa imepunguzwa pembeni ili kuficha nembo ya aliyeipiga.

Kisha soma namba za magari. Gari lenye namba inayoanza na KD halingeweza kuwa kwenye mafuriko ya 2018, kwa sababu mfululizo huo ulikuwa haujaanza, ila linaweza kuwa kwenye yale ya 2024. Kinyume chake hakithibitishi lolote, maana magari ya KB bado yamejaa barabarani. Angalia pia jina la sako, yaani chama cha wenye matatu, ubavuni mwa matatu na uone kama njia hiyo kweli inapita pale panapotajwa. Gari la Rongai lililozama kwenye picha inayodaiwa kuwa ya Mathare linahitaji maelezo.